Buluu Niliyoisoma Chini ya Turubai

Nianze kwa kujisifu, maana mbele nitajisema vibaya sana. Mimi Masanja, Baba Kulwa, machimboni upande wa Kharumwa walikuwa wananiita Jicho. Ukinimwagia punje zako za dhahabu kiganjani, kabla hujafunika kikopo chako nimeshakwambia kama zimechomwa vizuri au bado zina zebaki. Ukiwa umechanganya na shaba, nakurudishia kimyakimya, nawe unaondoka bila kubisha. Rangi zote za dhahabu ya ukanda ule nilikuwa nazo kichwani. Jicho hilohilo ndilo nusura liniue.

Naandika kwa ajili yako wewe uliyeambiwa leo kwamba una sukari na kwamba sindano itakuwa mwenzako wa maisha. Najua benchi ulilokalia, nami nimelikalia. Nipo hai, nimenenepa kidogo, na juzi nilicheza ngoma harusini mpaka viatu vikanishinda nikavivua.

Kwangu ugonjwa ulianza msimu wa kuvuna pamba, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nyumbani Shinyanga, nina miaka thelathini na minne, na nikaanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Mkanda wangu ulihama matundu matatu kwa mwezi mmoja. Nilikuwa nikiamka kwenda haja ndogo mpaka nikachoka kuvaa malapa. Mke wangu, Mama Kulwa, ndiye aliyeona kwanza.

"Baba Kulwa," akaniuliza asubuhi moja, "hawa sisimizi wanafuata nini pale uani unapojisaidia?"

Nikamjibu awaulize wenyewe. Ndiyo hasira ya ugonjwa huu, inatangulia kabla hujaujua. Siku tatu baadaye alinipeleka hospitali nikiwa nimeegemea bega lake, nanuka mdomo kama tunda lililooza, na mapacha wetu Kulwa na Doto wakilia mlangoni kwa sababu baba yao alikuwa ameshindwa kufunga vifungo vya shati.

Nililazwa siku tisa. Siku ya kutoka, nesi wa kliniki ya sukari, mama mmoja mnene mwenye sauti ya upole, jina lake Mama Pili, alinipa chungwa na bomba la sindano nijifunze kuchoma. Nilichoma chungwa lile mpaka likatota. Kisha akanifundisha kupima damu. Unajitoboa kidole, unadondosha damu kwenye kijiti chembamba cha plastiki chenye kibandiko cheupe nchani, unahesabu dakika moja, unaifuta kwa pamba, unangoja dakika nyingine, halafu unalinganisha rangi na picha zilizochorwa kwenye kopo la vijiti. Ikibaki nyeupe kama mtindi, sukari imeshuka, ule upesi. Ikiwa buluu ya kufifia, uko salama. Ikiwa buluu ya wino, imepanda, na alinipa kipimo cha dawa ya kuongeza.

Kila mara Mama Pili alikuwa akisema, "Njoo hapa dirishani, baba." Nilidhani ananionea huruma nipate upepo, maana chumba kile kilikuwa na watu wengi na harufu ya spiriti. Nilimshukuru kwa upepo huo miezi mingi.

Vijiti na dawa nilivipata dukani kwa Mama Zarina, mwanamke wa Kihindi ambaye familia yake ilikuwa na duka la dawa karibu na stesheni tangu enzi za babu yake. Nyumbani hatukuwa na friji. Akanitengea pembe ndani ya friji ya jikoni kwake, chupa yangu ikakaa kati ya maziwa na ndimu. Alikuwa akinigombeza kwa Kiswahili chake cha haraka kila nilipochelewa: "Masanja, dawa yako inanitazama kila nikitoa maziwa! Wewe uko wapi?" Ukiwa mgonjwa, mtu wa kukugombeza hivyo ni rehema.

Kopo la kwanza la vijiti liliisha salama. Ndivyo nilivyoanza kuhesabu siku zangu, kwa makopo. Nilipima uani asubuhi, Mama Kulwa akishika kopo, watoto wakihesabu dakika kwa sauti na kuruka namba saba kila siku. Nikaongezeka mwili, mkanda ukarudi matundu mawili. Nikasema basi, nimepona, narudi kazini.

Wakati huo ilikuwa imefumuka rashi mpya, watu wanakimbilia dhahabu, mwendo wa nusu siku kwa baiskeli kutoka Kharumwa. Ndani ya mwezi mmoja pori lilikuwa limejaa maduara, yale mashimo ya kuchimbia, mama ntilie, na watu kutoka kila mkoa. Nikajenga kibanda changu cha kununulia: miti sita, meza, mizani, na turubai jipya la buluu nililonunua Shinyanga. Lilikuwa zuri, linaonekana kutoka mbali, na wachimbaji wakawa wanaelekezana "nenda kwenye buluu ya Jicho". Dawa niliitia kwenye mtungi wenye maji, chini ya meza, nimeifunga ndani ya mfuko wa nailoni, kama Mama Pili alivyonielekeza.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Sikutaka mtu ajue. Mnunuzi mgonjwa, nilijiambia, nani atamwachia dhahabu yake? Watasema mikono inatetemeka, mizani inatetemeka. Kwa hiyo kopo lenye picha za rangi nililiacha nyumbani kabatini, na vijiti nikavitia kwenye kikopo kidogo cha filamu ya kamera, vile vikopo ambavyo kila mtu machimboni anavitumia kubebea dhahabu. Aliyekiona mfukoni mwangu aliniheshimu tu. Kuhusu picha za rangi, sikuzihitaji. Mtu anayejua rangi za dhahabu kwa kichwa atashindwa na rangi tatu? Nikawa najitoboa ndani ya kibanda, nimeshusha mlango wa turubai, na kusoma kwa jicho.

Kila siku ilikuwa buluu ya wino. Nikala ugali kidogo, buluu. Nikaacha chai ya sukari, buluu. Nikaongeza dawa.

Vidole navyo vikaanza vita yao. Kazi yetu inatumia asidi ya kusafishia dhahabu, na asidi ikiingia kwenye kitobo kipya utacheza ngoma usiyoijua. Nikawa nabandika plasta kwenye kila kidole nilichotoboa. Wiki ya pili ngozi chini ya plasta ikaanza kuwasha. Ikawa nyekundu, ikatoa malengelenge madogo yenye maji, ikachubuka kufuata umbo la plasta kabisa, kama mtu aliyepigwa mhuri. Nikibandua, inawasha. Nikibandika juu yake plasta nyingine ili nisiikune, inawasha zaidi. Vidole vitano vya mkono wa kushoto vilivimba nikashindwa kushika jiwe dogo la mizani. Mchimbaji mmoja alinitazama mkono, akarudisha kikopo chake mfukoni, akasema atapita kesho. Hakupita. Niliumia kuliko nilivyoumizwa na sindano yoyote.

Mara ya kwanza kuanguka ilikuwa saa nne asubuhi, wakati napima dhahabu ya mtu. Jasho lilinitoka ghafla, nikaona mizani mbili, nikasikia njaa ya mtu aliyefunga mwezi. Nikataka kusema "ngoja kidogo", ulimi ukatoa maneno mengine. Nilipozinduka nilikuwa chini, mdomoni nina ladha ya soda, na mama ntilie wa jirani ameninyanyua kichwa. Punje za yule mteja zilikuwa zimemwagika mchangani. Watu walichekecha mchanga ule mpaka mchana.

"Amelewa," mmoja alisema.

"Hajalewa, ni kifafa," mwingine akajibu. "Tazameni na mikono yake."

Nilianguka tena wiki ya nne. Kisha ya tano, vibaya zaidi, nikang'ata ulimi. Sasa habari zilifika nyumbani kabla yangu.

Nikaenda kliniki. Mama Pili akanipima dirishani pake, akasema, "Safi, baba, mbona hata iko chini." Nikamwambia huku inashuka, kule inapanda. Akakunja uso, akauliza nakula nini kule, nachoma kiasi gani. Nikamdanganya kiasi, kwa aibu ya kuonekana nimejiongezea. Usimdanganye nesi wako. Ningesema ukweli siku ile, habari hii ingekuwa fupi.

Kaka yangu mkubwa, Luhende, ni mkulima wa pamba, na baba yetu alipofariki yeye ndiye aliyebaki kuwa baba. Aliitisha kikao nyumbani kwake. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya wajomba na shangazi, vidole vimevimba, ulimi una jeraha, na nikasikiliza kesi yangu.

"Kabla ya sindano ulikonda," Kaka akasema, "lakini hukuwahi kuanguka. Tangu sindano, unaanguka. Mikono inaoza. Mimi si daktari, ila macho ninayo. Hiyo dawa inakuua."

"Kaka, nikiiacha ninakufa. Waliniambia hospitali."

"Waliokwambia hawajakuona ukianguka."

Mama Kulwa, ambaye katika vikao vya ukweni huwa hasemi, akasema. "Shemeji, mimi ndiye niliyembeba kwenda hospitali. Alikuwa maiti anayepumua. Ile chupa ndiyo iliyomrudisha."

Kelele zikawa nyingi. Wengine walitaka nipelekwe kwa nfumu, mganga mmoja mwenye dawa za mizizi, wengine walisema ardhi ya machimbo ina wenyewe. Mwisho Kaka akatoa hukumu, na nilijua haibadiliki. Angekuja machimboni mwenyewe kukaa nami. Nikianguka mara moja tena mbele yake, chupa anaitupa kwenye duara lililojaa maji, na mimi ananipeleka kwa nfumu kwa miguu yake. Mama Kulwa akasema kama ni hivyo naye anakuja. Usiku ule nyumbani, alipozima taa, akaniambia, "Usianguke, Baba Kulwa. Sina neno jingine." Nililia. Kwa nini nikufiche?

Tulikaa siku mbili kibandani bila tukio, Kaka ameketi mlangoni kama askari wa zamu. Asubuhi ya tatu nilijitoboa nyuma ya meza kama kawaida. Dakika moja, futa, dakika nyingine. Buluu, tena ya kukolea. Mwili ulikuwa mchovu kidogo, jasho jembamba shingoni, nikadhani ni hofu. Nikavuta mtungi, nikatoa chupa, nikavuta dawa ya kuongeza, nyingi kuliko siku zote, ili sukari ya juu isije ikaniangusha mbele ya Kaka.

"Ngoja kwanza," Mama Kulwa akasema. "Huo mkono siuachi hivyo leo. Njoo nje nikubandue plasta, humu sioni."

"Nikimaliza sindano."

"Sasa hivi. Unanuka usaha."

Unabishana na nani? Nikaweka bomba mezani, nikamfuata nje, kijiti bado kiko mkononi. Akanikalisha juu ya gunia la mawe, jua la saa mbili likinipiga usoni, akaanza kuloweka plasta kwa maji ya chumvi. Nilikuwa natazama pembeni nisione ngozi yangu. Ndipo macho yakaangukia kile kijiti.

Kilikuwa cheupe kama mtindi.

Nikakigeuza. Nikafikicha macho. Nikanyanyuka, mke wangu ananivuta, nikaingia nacho kibandani: buluu. Nikatoka nje: cheupe. Nikaingia: buluu. Kaka alisimama akidhani nimeanza kurukwa na akili.

"Masanja, kulikoni?"

Wakati huo nilikuwa nayatazama maisha yangu yote ya kazi. Miaka kumi na miwili nimenunua dhahabu, na sijawahi hata siku moja kuisoma rangi yake chini ya turubai. Hakuna mnunuzi anayefanya hivyo. Mtu akileta dhahabu, unampokea, unamsalimia, halafu unamwambia "twende nje", kwa sababu turubai linapaka rangi yake kwenye kila kitu, na mnunuzi anayesoma dhahabu ndani ya kibanda atafilisika kabla ya mvua. Mtoto wa machimboni anajua hilo. Nilikuwa nazitoa dhahabu za watu nje kuziangalia juani, na damu yangu mwenyewe naisoma gizani kwenye buluu kwa sababu ya aibu.

"Kaka," nikasema, "dawa haina kosa. Sukari yangu iko chini. Ningejichoma ile sindano, ungenizika."

Mama Kulwa hakungoja maelezo. Alikimbia kwa mama ntilie, akarudi na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko, nikanywa, nikanywa nyingine. Kaka Luhende alichukua kile kijiti kutoka mkononi mwangu. Akaingia nacho kibandani. Akatoka. Akaingia tena, akatoka. Yeye kila msimu huchambua pamba yake, safi huku na chafu huku, na huwa haichambulii chini ya paa.

"Yaya," akasema hapana kwa Kisukuma, akitikisa kichwa. "Kumbe ni hili turubai!" Kisha akaingia tena kibandani, akalichukua lile bomba lililojaa, akaniletea kwa mikono miwili. "Mwaga hii wewe mwenyewe. Chupa irudishe mtungini."

Sikuanguka siku ile, wala siku iliyofuata, wala mwezi ule. Nilipima nje, juani, kopo lenye picha likiwa limeletwa kutoka nyumbani, nikakuta kwamba muda wote ule nilikuwa sina sukari ya juu hata kidogo. Niliacha dawa ya kuongeza nikarudi kwenye kipimo nilichoandikiwa. Nilipomweleza Mama Pili yote, pamoja na uongo wangu, alicheka mpaka akatoa leso, halafu akakasirika.

"Baba, ulidhani dirishani nakupeleka ukapunge upepo?"

"Ndiyo, Mama."

"Mungu wangu." Akanishika vidole, akaniambia ngozi yangu inakataa gundi ya plasta, wapo watu wa namna hiyo, na kwamba hata kitobo hakihitaji kufunikwa kama ninajitoboa pembeni mwa kidole, siyo katikati ya nyama ninayoshikia vitu. Akanionya pia kuhusu kikopo cha filamu: vijiti havitaki unyevu, vikae kwenye kopo lao. Mama Kulwa akanishonea vifuko vya vidole kutokana na kanga kuukuu, navivaa nikigusa asidi, navivua nikimaliza. Ngozi ilibanduka kama ganda la kitunguu, na chini yake ikaja nyingine laini. Kufikia mvua za kwanza nilikuwa naokota punje moja ya dhahabu kwa kidole gumba na cha shahada. Siku nilipofanya hivyo niliwaita majirani waje waone.

Nililoliogopa kuhusu biashara lilikwenda kinyume. Nilipoanza kujitoboa hadharani, nimekaa juu ya gunia langu mbele ya kibanda, wachimbaji walisogea kuangalia. Waliuliza, nikawajibu. Mmoja wao alinong'ona kwamba mama yake ananywa maji namna hiyohiyo, nikamwelekeza kwa Mama Pili, na mama huyo leo anajipima mwenyewe. Foleni ikawa ndefu kuliko zamani. Nilimsikia mzee mmoja wa duara la pili akimwambia mwenzake, "Ngoja kwanza ajisome yeye. Huyu akitoka nje na damu yake, hawezi kutuficha rangi ya dhahabu yetu."

Kwa hiyo wewe wa benchi, sikufundishi dawa, hiyo ni kazi ya nesi wako, na mwambie ukweli wote. Mimi nakwambia hili la kwangu tu. Kipimo chako kikikuletea habari isiyofanana na unavyousikia mwili, usikimbilie sindano, wala usikimbilie kuitupa. Toka nacho mahali penye mwanga. Mwite mtu unayempenda, hata kama mmegombana, akiangalie na yeye. Na kitu kikikuwasha mwilini, kibandue mapema, usibandike kingine juu yake.

Turubai la buluu bado liko, nimekataa kulibadilisha. Dawa yangu kutoka friji ya Mama Zarina sasa inaletwa na Kaka Luhende. Anashuka basi Kharumwa, kutoka hapo anaendesha baiskeli, chupa imo ndani ya kibuyu chenye maji, kibuyu amekifunga kifuani kwa kitenge cha mke wake, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine umekishikilia kisigonge. Mtu aliyeapa kuitupa ndani ya duara! Anafika amejaa vumbi mpaka kope. Ninasimama nimpe shikamoo, naye hapokei kwanza, ananikazia macho na kuniuliza swali lile lile.

"Umetoka nje leo?"

"Nimetoka, Kaka."

"Rangi gani?"

"Ile nzuri."

Ndipo husema marahaba, akanikabidhi kibuyu.